Faida ya Mtumishi wa Afya wa Safari

Familia za askari zinafahamu vyema maana ya kuishi na begi lililofungwa. Amri ya uhamisho huja jioni, na asubuhi gari huwa limekwisha kusimama mlangoni. Lakini wako watumishi wengine ambao maisha yao hayana tofauti kubwa na hayo, na mara nyingi ni wake, waume au watoto wa askari hao hao. Hao ni wauguzi, wakunga, wachanjaji na wapimaji wa maabara ambao kazi yao ni kuzunguka vijijini kwa zamu: leo Arua, kesho Maracha, kesho kutwa Koboko hadi Oraba, karibu na mpaka wa Sudan Kusini.

Mtumishi wa namna hiyo asipojiangalia, miaka ishirini itapita naye atabaki na vitu viwili tu: maumivu ya mgongo na hadithi za barabarani. Wahenga walisema, mtembezi hula miguu yake. Je, afanye nini ili safari zake zimletee faida yeye mwenyewe, jamaa yake na wagonjwa wake? Historia ya West Nile inatoa jibu, na jibu hilo liko katika mambo mawili: kuandika na kurudi.

Ugonjwa mmoja uliowatembeza sana watumishi wa afya wa sehemu hizo ni malale, ambao huenezwa na mbung'o wa kandokando ya mito. Baada ya vita vya mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na kazi ya kuuzuia ugonjwa huo ikavunjika. Walipoanza kurejea makwao katika miaka ya 1980, malale nayo ilikuwa imerejea. Kuanzia mwaka 1986 Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Moyo, kisha Adjumani, na kati ya mwaka 1995 na 2002 wakawa na kituo Omugo, ambayo wakati huo ilikuwa katika wilaya ya Arua na sasa iko katika wilaya ya Terego.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Vikosi vilikwenda kijiji kwa kijiji, vikawapanga watu kivulini, vikapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na vikachoma vidole kupata tone la damu. Mgonjwa aliyepatikana alitolewa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Ukiwa umefika, dawa iliyotumika zaidi siku hizo ilikuwa melarsoprol, dawa yenye sumu ya aseniki, ambayo huunguza mishipa na iliweza kuwaua takriban wagonjwa watano katika kila mia waliotibiwa nayo. Hapana ajabu kwamba watu waliiogopa sindano ya mgongo, na wengine wakajificha gari la wapimaji lilipoonekana.

Zaidi ya hayo, mgonjwa aliyetibiwa alipaswa kupimwa tena na tena kwa muda wa miaka miwili, kwa kuwa vijidudu huweza kubaki mwilini vimejificha. Ni hapo ndipo tabia ya mtumishi ilipojulikana. Mtu anayejiona mzima hakubali kwa urahisi kusafiri kutwa nzima ili achomwe tena mgongoni. Hukubali pale anapofuatwa na mtu anayemjua kwa jina. Mwuguzi anayefika uani, akasalimu kwa Kilugbara au Kikakwa, akaulizia mavuno, kisha akasema, "Mama, yule mtoto tuliyemtibu mwaka jana yuko wapi?" huyo huletewa mtoto. Anayefika akiwa na haraka ya kujaza hesabu ya siku huambiwa kwamba mtoto amekwenda kwa wajomba.

Kwa hiyo mtumishi wa safari na awe na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwake yeye ujuzi ndio mali ya kwanza. Karibu kabisa na Arua, katika hospitali ya Kuluva, ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams, waliandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wao kwa miaka mingi. Mwaka 1961 Ted Williams alijiunga na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, pamoja na Cliff Nelson, wakasafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika. Katika kila hospitali waliuliza swali moja: je, uvimbe wa saratani unaoota katika taya za watoto unaonekana hapa? Majibu yaliwaonyesha kwamba uvimbe huo hupatikana katika nchi za joto na mvua, na huadimika katika nyanda za juu zenye baridi. Na mwaka 1967 orodha za wagonjwa wa West Nile zilichapishwa, zikionyesha kwamba wagonjwa wa saratani hiyo walitokea kwa mafungu, mahali fulani na wakati fulani. Wengi walisafiri barabara zile zile; faida waliipata wale walioandika.

Daftari hilo liwe na sehemu ya wagonjwa wa kurudiwa, sehemu ya mambo mapya ya kujifunza, na sehemu ya fedha. Posho ya safari ni fedha inayodanganya. Huja leo na kukoma keshokutwa mradi unapokwisha, na nyumba iliyozoea kuila kama mshahara hubaki na madeni dukani. Ni busara matumizi ya nyumbani yatoke katika mshahara, na sehemu ya posho ipelekwe katika chama cha akiba na mikopo, iwe karo ya watoto au ya mtumishi mwenyewe atakaporudi shuleni kutafuta cheti cha juu zaidi.

Na nyumbani pia ni mahali pa kurudi. Mume askari yuko zamu, mke mwuguzi yuko Koboko, na watoto wanalelewa na jirani: hali hiyo iko katika kambi nyingi. Simu ya jioni husaidia, lakini mtoto huhesabu ahadi. Mzazi aliyesema atarudi Ijumaa na arudi Ijumaa. Na ikishindikana, habari itangulie kabla ya jua kuchwa. Mzazi asiyetimiza neno nyumbani huzoea kutolitimiza kijijini pia.

Mwisho, mtumishi bora wa safari huwafundisha wenyeji kazi yake. Kuanzia mwaka 2013 kipimo cha haraka cha malale kilipelekwa katika vituo vingi vya afya vya West Nile, na vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vikawekwa kandokando ya mito kuwaua mbung'o. Mgonjwa hakulazimika tena kungojea kikosi kifike kijijini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina hiyo si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda.

Ushindi huo haumwondolei mtumishi wa safari wajibu wake. Watu wa Koboko na Arua wamekwisha kuona jinsi ugonjwa uliosahauliwa unavyoweza kurejea. Kwa hiyo begi na lifungwe tena, na daftari liwe ndani yake, likiwa na majina ya wale wanaongojea kurudiwa.