Orodha Kabla ya Mchezo

Kila Agosti, kabla ya msimu wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu kuanza, waandishi wa habari za michezo hupiga kura, na shirika la Associated Press hutangaza timu 25 bora. Hakuna iliyokwisha kucheza. Hupimwa kwa sifa za jana, wachezaji waliobaki na uzito wa jina.

Mwaka 2007 nilikuwa nikiishi Ann Arbor, na Michigan yetu ilipewa nafasi ya 5. Tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000, ilishindwa kwa pointi 34 kwa 32 na Appalachian State, timu ya daraja la chini. Orodha iliyofuata haikuwa na Michigan kabisa.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Majira yale yale nilikuwa nimepanga zamu za usiku wa mashairi. Wenye majina niliwatanguliza; binti mmoja nisiyemjua nikamweka mwisho. Alighani viti vingi vikiwa vitupu. Kati ya yote ya usiku ule, shairi lake ndilo pekee ninalolikumbuka.

Kiswahili kina kitenzi cha unyenyekevu: kukisia. Anayekisia hukiri kwamba hajaona bado. Waandishi wale hukisia, kisha kila wiki huirekebisha orodha yao. Mimi sikukisia, nilihukumu. Wala sikupata wiki ya pili, kwani binti yule hakurudi tena.