Chumba cha Njano

Kila mama anayemngoja mtoto wake wa kwanza huwa na jambo moja analolishikilia mno. Mimi nilishikilia rangi ya chumba.

Tulikuwa tumekaa miaka sita katika ndoa bila mtoto. Mungu alipotukumbuka, nilitaka kila kitu kiwe kizuri. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba rangi ya njano humletea mtoto furaha na utulivu, basi nikamsumbua mume wangu mpaka akamleta fundi. "Huyo mtoto atakuja kulala, hatakuja kukagua kuta," alinitania. Lakini ndoo ya rangi ilinunuliwa, kuta zikapakwa, nami nikashona mapazia ya njano na shuka la njano. Jua la Morogoro lilipopenya katika mapazia yale, chumba chote kiling'aa kama ua la alizeti.

Mwanetu wa kiume alizaliwa salama, na kesho yake tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Kufikia siku ya tatu alikuwa mpole ajabu. Hakulia. Alilala, na nilipomwamsha anyonye alivuta mara chache akasinzia tena. Akina mama wenzangu wa kanisani walipokuja kutuombea, niliwaonyesha chumba kwa majivuno. "Mnaona? Ni hii rangi," niliwaambia. "Imemtuliza."

Siku ya tano mama mkwe alifika kutoka Same. Hata chai hakunywa. Alinawa mikono, akambeba mjukuu wake, akatoka naye hadi barazani. Mara nikasikia akiniita, "Mwanangu, njoo upesi!"

Alikuwa amemfunua mtoto kope kwa kidole. Weupe wa macho ulikuwa wa njano kama binzari. Fizi vilevile, na nyayo vilevile.

"Tangu lini yuko hivi?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Katika chumba kile kila kitu kilikuwa cha njano, hata mikono yangu mwenyewe.

Hospitalini walimpima damu na kumlaza mara moja. Daktari alitueleza kwa upole kwamba zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata manjano katika juma la kwanza, kwa kuwa ini lao changa haliwezi bado kuondoa upesi uchafu wa njano unaotokana na chembe za damu zilizovunjika. Uchafu huo huitwa bilirubini. Wengi hupona bila dawa. Lakini ukizidi mno, huingia katika ubongo na kuweza kumwachia mtoto uziwi au ulemavu wa maisha. Usingizi ule niliousifu mbele ya wageni ulikuwa dalili ya hatari.

Mwanangu alilazwa uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kitambaa. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa kweli iko rangi inayomgusa mtoto. Mwanga wa buluu huigeuza bilirubini iliyo katika ngozi ili mwili uweze kuitoa kwa choo na mkojo. Jambo hili lilianzia kwa mwanamke mmoja mwangalifu. Katika miaka ya 1950, huko Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto nje kwenye jua, naye akaona kwamba ngozi iliyopigwa na mwanga ilipoteza unjano wake. Madaktari wakachunguza, na mwaka 1958 wakatangaza matibabu ya taa.

Usiku wa kwanza nililia kando ya taa zile. Nilimwambia mama mkwe kwamba nimemdhuru mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Rangi haikumpa ugonjwa, mwanangu. Ilikuzuia tu usiuone. Sasa umeuona." Baada ya siku tatu tulirudi nyumbani, na leo kijana huyo anasikia vizuri, hasa anaponusa chapati.

Tangu hapo nimejifunza kwamba mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu. Huvutwa na weusi dhidi ya weupe, na rangi huanza kuzitambua vizuri akifikia miezi minne au mitano. Ukuta ule nilioupamba hakuuona. Alichokiona ni uso wangu nilipomnyonyesha, maana ndio uliokuwa katika umbali huo. Hata ile desturi ya buluu kwa mvulana na waridi kwa msichana si ya kale. Mwaka 1918 walikuwapo wafanyabiashara Marekani walioshauri kinyume chake.

Basi dada yangu, paka rangi uipendayo, lakini hakikisha unapata mwanga mweupe wa kumtazamia mwanao. Katika juma la kwanza, mpeleke kila siku dirishani au barazani, umwangalie weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, kwa kuwa kwa ngozi zetu nyeusi unjano huonekana hapo kwa urahisi zaidi. Akiwa wa njano ndani ya saa 24 za mwanzo, au akisinzia mno na kukataa ziwa, usingoje, mpeleke hospitali. Wala usitegemee kumwota jua la asubuhi badala ya matibabu.

Mapazia yale niliyafungua siku tuliyorudi. Alipozaliwa mdogo wake, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua dirisha, kumshika mikononi, kumtazama vizuri, na kumshukuru Mungu ambaye, alipoiumba dunia, alianza na nuru.