Herufi Nne Mgongoni mwa Gari

Katika stendi ya Biharamulo gari halisifiwi kwa rangi wala kwa viti. Linasifiwa kwa herufi nne: VVT-i. Mpiga debe akitaka uingie kwenye Probox yake inayoelekea Ngara badala ya ile iliyotangulia foleni, atakwambia hii ni "vivitii", inapanda mlima kama haina mtu. Dalali akikuuzia gari lenye umri wa miaka 20 atafungua boneti na kukuonyesha maandishi hayo juu ya injini kana kwamba anakuonyesha hati ya kiwanja. Nimeendesha mchomoko katika njia hiyo kwa miaka kumi na moja, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyomsikia abiria akiuliza kama breki zinashika.

Mwaka jana herufi hizo zilifika nyumbani kwetu, upande wa Ngara. Mdogo wangu alitaka mama auze nusu ya shamba la migomba na kahawa ili yeye anunue Toyota Altezza. Mpango wake haukuwa wa kipuuzi. Wafanyabiashara wanaovuka Rusumo na Kabanga hukodi gari, maharusi hukodi gari, na gari zuri hukodiwa kwa bei nzuri. Lakini alipoulizwa kwa nini iwe Altezza na si gari lingine, jibu lilikuwa moja: "Kaka, ile ni dual VVT-i. Ni gari la mbio." Mama akasema hatauza wala hatakataa mpaka mimi, mwenye leseni, nimweleze kitu hicho ni nini na kama kina thamani ya shamba.

Nilianza na kanisa, kwa sababu kanisa mama analijua. Fikiria kanisa lenye mlango wa kuingilia upande mmoja na wa kutokea upande mwingine. Misa ya kwanza imekwisha, waumini wa misa ya pili wako nje. Watu wakitembea polepole, ukiwahi mno kufungua mlango wa kuingilia, baadhi ya wanaotoka watageuka na kupitia huko huko, na mlangoni pataziba. Lakini wote wakienda mbio, lazima mlango wa kuingilia ufunguliwe kabla ule wa kutokea haujafungwa. Kasi ya wanaotoka itawavuta wanaoingia, na kanisa litajaa vizuri zaidi.

Ndani ya injini milango hiyo ni valvu. Hewa na mafuta huingia kwa moja, moshi hutoka kwa nyingine, na mfunguaji ni kamshafti. Kwenye injini za zamani mfunguaji huyo ana saa moja tu. Watu waende polepole au mbio, yeye hufungua wakati ule ule. Mtengenezaji ilimbidi achague: injini yenye nguvu chini au injini yenye nguvu juu. VVT-i ni mfunguaji anayetazama umati. Mwishoni mwa kamshafti kuna gia inayozungushwa na cheni, na ndani ya gia hiyo mna vyumba vidogo vya oili. Kompyuta huamuru kivalvu kimoja kupeleka oili chumba hiki au kile, na kamshafti husogezwa mbele au nyuma kidogo huku injini ikiendelea kufanya kazi.

Wazo lenyewe si la jana. Alfa Romeo waliliweka kwenye gari la kuuzwa mwaka 1980. Mwaka 1989 Honda walitoa Integra yenye VTEC, ambayo hubadili kabisa umbo la kemu inayosukuma valvu mizunguko ikipanda. Injini ya lita 1.6 ikatoa nguvu za farasi 160 bila tabo, na hapo ndipo vijana wa dunia nzima walipoanza kuimba herufi. Toyota walipoleta VVT-i mwaka 1995 hawakuanza na gari la mbio. Walianza na Crown, gari la wazee na wakurugenzi. Walitaka itulie, ivute vizuri kutoka chini na ipunguze unywaji wa mafuta. Mbio zilikuja baadaye, na sifa za mbio ndizo zilizovuka bahari mpaka stendi yetu.

Altezza yenyewe ilitoka mwaka 1998, na hapa mdogo wangu alikuwa na hoja. RS200 ina injini ya lita 2 yenye VVT-i kwenye kamshafti zote mbili, na ile ya gia za mkono hutoa nguvu za farasi 210. Kwa injini isiyo na tabo, hiyo ni kazi ya heshima. Lakini nguvu hizo zinapatikana mizunguko ikifika 7,600 kwa dakika. Kuna pia AS200, yenye silinda sita na nguvu 160, ambayo kwa nje ni ndugu yake pacha. Kwa hiyo jina Altezza peke yake halikwambii umenunua nini, na dalali anayekuuzia herufi hataharakisha kukueleza tofauti.

Swali likabaki: mizunguko 7,600 utaipata wapi kati ya Biharamulo na Ngara? Kutoka Biharamulo unashuka hadi Lusahunga, hapo unajiunga na malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Isaka na Nyakanazi kwenda Rwanda na Burundi. Kuanzia hapo mpaka Benaco unamfuata mwenye kontena, unasubiri nafasi, unampita, unamkuta mwingine. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na askari mwenye tochi hukaa mahali ambapo mguu wako umeshasahau. Faini ya shilingi 30,000 haiulizi una valvu ngapi. Miaka ile ya majambazi, magari yalipokuwa yakisindikizwa na polisi kupita porini, kila dereva alitamani gari lenye mbio. Lakini msafara ulikwenda kwa mwendo wa lori la mwisho.

Kuna jambo lingine ambalo mpiga debe halitaji, nalo ni hewa. Milima ya Ngara inapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa yenyewe imepungua uzito. VVT-i inaweza kupanga vizuri zamu ya kuingia. Haiwezi kuleta waumini ambao hawapo nje. Farasi 210 waliopimwa Japani hawafiki Ngara wote.

Je, basi ni kelele tupu? Hapana, na hapo ndipo ninapotofautiana na madereva wazee wanaosema Corolla za zamani zilikuwa na injini za kweli. Niliendesha Corolla ya mjomba, lita 1.5 isiyo na VVT-i, kabla ya kukabidhiwa Probox yenye 1NZ-FE ya lita 1.5. Kwenye karatasi nguvu zao za juu hazipishani sana. Kwenye mlima wa kabla ya Benaco, ukiwa na abiria nyuma na magunia ya maharage juu ya kichwa, zinapishana. Corolla ilitaka gia ya chini mapema na kilio kirefu. Probox inavuta kwa mizunguko ya katikati, bila kelele, na jioni nikigawanya lita kwa safari naona kilichobaki mfukoni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei, na sisi wa mbali na bandari tukikuta yetu iko juu, ninajua teknolojia hii inafanya kazi. Faida yake kwetu iko katikati, kwenye mwendo wa kawaida wa mtu anayetafuta riziki. Inasifiwa kwa kitu ambacho hatukitumii, na kile tunachokitumia hakuna anayekipigia debe.

Hata hao wapenda magari ya mbio wana ushahidi dhidi yao wenyewe. Mwaka ule ule wa 1989 ambao Honda walitoa VTEC, Mazda walitoa MX-5: injini ya lita 1.6, valvu za muda mmoja usiobadilika, gari lisilofika tani moja. Hakuna gari la mbio la viti viwili lililouzwa zaidi yake duniani. Wanaolipenda wanasifia wepesi wake na jinsi linavyokata kona.

Nilimweleza mama pia habari ya Probox ya tajiri mmoja niliyewahi kuiendesha. Tajiri huyo oili hakuimwaga, aliiongeza tu. Gari likaanza kutetemeka likisimama, likakosa nguvu mlimani, taa ya injini ikawaka. Stendi nzima ikatoa hukumu: injini imekufa, leta nyingine. Fundi wa Biharamulo alifungua kile kivalvu cha oili, ambacho hakizidi ukubwa wa kidole gumba. Kichujio chake kilikuwa kimeziba kwa tope jeusi. Akakiosha, akamwaga oili, akaweka mpya, gari likapanda mlima. VVT-i haina mikono mingine zaidi ya oili. Oili ikiwa tope, unabaki na mfunguaji mlevi, na afadhali yule wa zamani mwenye saa moja.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza maswali mawili. "Hilo la mbio likiharibika, fundi wake yuko wapi? Na hili la abiria?" Nikamwambia la abiria lina mafundi Lusahunga, Benaco na Ngara, na vipuri vyake viko kila mahali. La mbio, RS200, kipuri ni simu ya Dar es Salaam na siku za kusubiri basi.

Shamba halikuuzwa. Mama alitoa fedha za kahawa za msimu mmoja, mimi nikaongeza akiba yangu, mdogo wangu akakopa zilizobaki kwenye kikundi chake. Tukanunua Probox. Hakufurahi, na sikumtaka ajifanye amefurahi. Kijana anayetaka gari zuri hana dhambi. Nilichokataa ni migomba ya mama kulipia mizunguko ambayo barabara yetu haiitaki.

Wakati mwingine tukipumzika Benaco ananitania kwamba mjadala wangu umepitwa na wakati. Huko Kabanga, katika wilaya yetu hii hii, ardhini mna nikeli, na nikeli inatakiwa kwa betri za magari ya umeme, magari yasiyo na valvu hata moja. Anasema kweli. Siku hiyo wapiga debe watapata herufi nyingine. Kwa sasa ana daftari dogo kwenye dashibodi, ameandika kilomita za kila mara alipomwaga oili. Ni kila kilomita 5,000, na kwa safari zetu hizo hazimalizi mwezi. Kwenye jalada la nyuma amechora Altezza kwa kalamu ya bluu, na chini yake kiasi alichokwisha kuweka, fedha zake mwenyewe.