"Leo" ya Nani? Tajriba ya Kiolezo cha Barua

Katika somo la semantiki huwafundisha wanafunzi wangu kwamba neno leo halikamiliki maana mpaka ijulikane nani amelitamka, na lini. Nimelifundisha jambo hilo kwa miaka mingi. Hata hivyo, sikulielewa sawasawa mpaka siku kompyuta iliponiumbua mbele ya wenzangu.

Mwaka 2016 nilikuwa katibu wa kamati ya mitihani idarani. Ili kupunguza adha ya kuandika barua zilezile kila muhula, niliandaa kiolezo kwa programu ya Microsoft Word. Jina la mwanafunzi na la somo niliyajaza mwenyewe. Tarehe niliiachia mashine. Programu hiyo ina vigeu vyake vya ndani, yaani nafasi zinazojazwa bila mwandishi kutaja thamani yake: namba ya ukurasa, jumla ya kurasa, jina la faili, jina la mwandishi, tarehe. Nami nilichagua kigeu kiitwacho DATE, nikajiona fundi.

Tarehe 3 Machi nilimwandikia binti mmoja kumjulisha kwamba amefeli somo, na kwamba ana siku 14 za kukata rufani. Aliikata tarehe 15, akaambatisha nakala ya barua yangu. Tarehe 8 Aprili karani alifungua faili ile, akapiga chapa nakala ya kuweka katika jalada la kikao. Tulipokutana tarehe 15 Aprili, mjumbe mmoja alizilinganisha karatasi mbili: ya binti ilisema 3 Machi, ya jalada 8 Aprili. Akauliza, inawezekanaje mtu akakatia rufani barua ambayo bado haijaandikwa? Jibu lililokuwa jepesi kwa kila aliyekuwepo lilikuwa moja tu: binti ameghushi.

Aliitwa ndani. "Shikamooni walimu," alisema, kisha akasimama kimya. Alipoulizwa aliipata wapi barua ile, alinitazama mimi. "Mwalimu, ni wewe uliyenipa." Nami, nasikitika kukiri, nilisita. Karatasi ya jalada ilikuwa na saini ya idara. Nikaiamini karatasi kuliko kumbukumbu yangu.

Aliyetuokoa hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Mhudumu wa ofisi alileta daftari la barua zinazotoka, analoliandika kwa kalamu ya wino, na humo tulikuta jina la binti, saini yake, na tarehe: 3 Machi. Nilipoifungua faili upya, barua ikasoma 15 Aprili. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba DATE haihifadhi siku ya kuandika. Kila faili ifunguliwapo au kupigwa chapa, huiuliza mashine leo ni lini. Leo niliyoikusudia ilikuwa ya mwandishi. Leo iliyojibiwa ilikuwa ya msomaji.

Dawa yake ilikuwapo katika programu ileile. Kipo kigeu kingine, CREATEDATE, kinachotoa siku ambayo hati iliundwa. Vilevile mtu aweza kuiteua tarehe na kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na F9, nayo ikageuka kuwa maandishi ya kawaida yasiyobadilika. Kosa, basi, halikuwa la mashine. Lilikuwa la mwalimu wa semantiki aliyesahau kuuliza swali analowauliza wanafunzi wake.

Tangu hapo huvitazama vigeu hivi kwa jicho la mwanaisimu. Katika TeX, mfumo alioanza kuubuni Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1970, kuna kigeu \time kinachohesabu dakika tangu usiku wa manane. Kwacho, saa moja asubuhi ni 420. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana alfajiri inapopambazuka, na usiku wa kuamkia Ijumaa tunauhesabu kuwa wa Ijumaa. Kadhalika, kigeu cha idadi hakijui ngeli. Kikipewa nafasi katika sentensi "Barua hii ina viambatisho...", kitaandika 1 bila kujali kwamba Mswahili angesema kiambatisho kimoja. Kila kigeu kina mtazamo wa aliyekiunda, na anayekitumia bila kuuchunguza huusemea kwa saini yake mwenyewe.

Rufani ya binti ilisikilizwa, mtihani ukasahihishwa upya, akafaulu. Nilimwomba radhi. Akanijibu kwa adabu, "Yamekwisha, mwalimu." Kwangu hayajakwisha. Kiolezo bado nakitumia, maana kazi ni nyingi na mikono michache. Lakini tarehe naiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, na nakala naisajili katika daftari la mhudumu kabla wino haujakauka. Neno leo likitoka kwangu, sharti niwe tayari kulitolea ushahidi kesho.