Njia za Miguu za Amani

Kutembea kwa miguu ni jambo ambalo sisi wa umri huu tulilizoea kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Shuleni tulikwenda kwa miguu, shambani kwa miguu, na msibani kwa miguu. Leo watu hulipa kiingilio ili watembee. Wapo wanaocheka jambo hilo, lakini mimi nasema ni fedha iliyotumika vizuri, hasa kama njia yenyewe inapita katika msitu wa Amani.

Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Ukitoka Muheza mjini unaiacha michungwa nyuma yako, barabara inaanza kupanda, na unafika Sigi, penye lango la hifadhi. Hapo ipo nyumba ya zamani ya Wajerumani, iliyokuwa ya msimamizi wa stesheni, ambayo sasa ni kituo cha kuwapokea wageni. Reli ndogo ilifika Sigi ikitokea Tengeni, kiasi cha kilomita 23, nayo ilijengwa hasa kwa ajili ya mbao. Treni haipo tena. Kutoka Sigi, mwenye miguu mizima anaweza kupanda hadi Amani kwa njia ya msituni, akivuka vijito na mawe yenye ukungu. Kwenye mawe hayo, mahali penye kivuli na unyevu, huota lile ua dogo la zambarau la Usambara ambalo watu wa Ulaya huliweka madirishani mwao. Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyepeleka habari zake kwao katika miaka ya 1890. Wenyeji walikuwa wakipita karibu nalo siku zote.

Serikali iliitangaza Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, lakini habari zake ni za zamani zaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Walileta miti kutoka Asia, Amerika na visiwa vya mbali, wakaipanda katika bustani kubwa ili waone ipi ingefaa kwa biashara. Ipo mipira, mikafuri, midalasini, mianzi ya kila namna, na upo mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini na gome lake hutoa dawa ya malaria. Kila mti ulipewa jina la Kilatini, ukaandikwa ulikotoka na ulipopandwa.

Kisha vita vikaja mwaka 1914. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kwa meli hadi Tanga, wengi wao Wahindi, wakashindwa na jeshi la Wajerumani lisilozidi askari 1,000 hivi, ambao wengi walikuwa Waafrika. Watu wa Tanga bado husimulia habari za nyuki waliowashambulia askari siku ile. Ushindi huo, hata hivyo, haukufungua bahari. Meli za Kiingereza zilizuia pwani, na dawa kutoka Ulaya ikakatika. Hapo ndipo taasisi ya Amani ilipogeuka kuwa karakana ya vita. Wataalamu waliacha kupima mbegu, wakatengeneza kwinini kutokana na magome ya miti ile waliyoipanda wenyewe. Walitengeneza pia sabuni, na vitu vingine ambavyo zamani vilikuja kwa meli. Waingereza walipoichukua Tanga na Usambara katikati ya mwaka 1916, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilirudi kusini likiwa limebeba magome, likayachemsha njiani na kunywa maji yake machungu. Wajerumani wenyewe waliupa mchanganyiko huo jina la utani kwa kumtaja kamanda wao, kana kwamba ni pombe yake.

Mtu akitazama ramani na kalenda, ataona ajabu ya jina la mahali hapa. Panaitwa Amani, napo pametengeneza dawa iliyosaidia vita kuendelea hadi Novemba 1918. Lakini sisi walimu tusiishie kwenye ajabu ya jina. Tuulize, dawa ile ilibebwa na nani?

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliobeba. Alichukuliwa na Wajerumani kutoka kijijini kwetu pamoja na mdogo wake. Hawakuulizwa kama wanataka. Walipewa mizigo, wakatembea hadi Handeni, na kutoka huko wakaendelea kusini mpaka nchi ya Rufiji, wakati wa mvua. Babu alirudi. Mdogo wake hakurudi. Mimi nilimkuta babu akiwa mzee sana, naye hakuwa mtu wa kusimulia. Alilosema mara kwa mara ni kwamba njaa iliwamaliza watu kuliko risasi, na kwamba mtu aliyeanguka njiani, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake kabla yeye hajakata roho.

Aliyoyasema babu yanalingana na yale yanayoandikwa na wanahistoria. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi walioandikishwa katika vita vile vya Afrika Mashariki walikuwa wengi mno, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, inawataja wapagazi pia katika maandishi yake. Inawataja kwa jumla, bila majina. Kwa upande wa Wajerumani hesabu ni ngumu zaidi, maana jeshi lililokuwa likikimbia halikutunza daftari za watu waliokamatwa kijijini.

Baada ya kustaafu ualimu mkuu, nimekuwa nikiombwa na walimu vijana niongozane na wanafunzi wao kwenda Amani. Chuoni tulifundishwa kwamba somo la historia lisilotoka darasani ni nusu ya somo, nami nimeiamini kanuni hiyo miaka yote. Safari moja tulikuwa katika ile bustani ya miti. Kijana anayetuongoza, Msambaa mchangamfu, alikuwa akitusomea majina. Nikawaeleza watoto habari za kwinini, na za wapagazi, na za babu yangu mdogo. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyosha mkono.

“Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza. Kama waliweza kuandika jina la kila mti, kwa nini hawakuandika jina la babu yako?”

Nimesimama mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30, na maswali ya namna hiyo ni machache. Nilimjibu kwamba mtu huandika jina la kitu anachotaka kukipata tena. Mti waliutaka kesho na keshokutwa. Mpagazi walimtaka kwa siku ile tu, na akianguka wangekamata mwingine. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba jibu halikumpendeza. Hata mimi halinipendezi. Ni la kweli tu.

Jibu hilo lisitufanye tuuchukie msitu. Baada ya Waingereza kuchukua nchi, Amani iliendelea na utafiti wa kilimo, na baadaye ikawa mahali pa kuichunguza malaria. Miti ya kigeni nayo ilibaki, na mingine ilitushinda. Mhesi, kwa mfano, ulipandwa na watu, kisha hondohondo wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu, nao ukaenea mpaka ndani kabisa ya msitu wa asili. Katika miaka ya 1970 na 1980 sisi wenyewe tulikata magogo humo na kulima iliki chini ya miti mikubwa, mpaka ikaonekana kwamba vijito vinavyounda mto Zigi viko hatarini. Mji wa Tanga hunywa maji ya mto huo. Kwa hiyo hifadhi ya leo si mapambo ya watalii. Anayeutunza msitu ule anautunza mtungi wa watu wa pwani.

Ninalotaka kulisema ni kwamba kutunza msitu na kutunza habari za watu waliopita humo ni kazi moja. Msitu uliosahau watu wake hubaki kuwa kuni zilizosimama. Tumeweka alama za kuonyesha njia, nazo ni nzuri, kwani mgeni hapotei. Ingefaa pale Sigi, penye nyumba ya stesheni, pawepo na ubao mmoja zaidi wa kueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba kutoka milima hii watu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Gharama ya ubao ni ndogo. Kazi iko kwenye kukusanya majina, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na serikali peke yake. Inaanzia kwa wazee walioko vijijini, ambao wanapungua kila mwaka. Waliowaona wapagazi kwa macho yao tumebaki wachache, na sisi tulikuwa watoto.

Basi nimewawekea wanafunzi kazi ya nyumbani. Kabla ya safari ya Amani, kila mmoja aulize kwao kama kuna mtu wa ukoo aliyechukuliwa vitani, mwaka 1914 au baadaye, na aandike jina lake, mahali alipotoka, na kama alirudi. Wengi hurudi na karatasi tupu. Wachache huleta jina. Daftari langu sasa lina majina 41, na la kwanza kabisa ni la babu yangu mdogo. Nimeliandika kama walivyoandika miti: jina lake, alikotoka, na mahali alipoonekana kwa mara ya mwisho.