Gari la Watu Saba

Katika nyumba nyingi ninazozijua mama huchagua sufuria, mapazia na shule ya watoto, lakini siku ya kununua gari humwachia baba na fundi wake. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Nilipanda tu, nikishukuru kwamba sisimami kwenye daladala. Nilipoanza kuuliza maswali juu ya gari, mume wangu alicheka akasema, "Mama, wewe shughulika na sindano zako." Siku hizi hacheki tena, na ndiyo maana nimepata ujasiri wa kuwaandikia.

Sisi tunakaa Kibaha. Wote wawili tunafanya kazi Dar es Salaam, mimi hospitalini na yeye ofisini, karibu kilomita 40 kwenda na nyingine 40 kurudi. Watoto wetu ni wanne, na tangu baba mkwe alipofariki, mama mkwe anaishi nasi. Basi nyumba yetu ni ya watu saba. Gari letu lilikuwa la viti vitano.

Kwa miaka mitatu tulikwenda nalo kanisani, na kila Desemba tulikwenda nalo Tukuyu kula Krismasi kwa ndugu. Bibi alikaa mbele kwa sababu ya magoti yake. Mimi nilikaa nyuma na watoto wote wanne: kitinda mimba mapajani mwangu, na anayemfuata mapajani mwa kaka yake. Hatukuona ajabu. Nani kati yetu hajampakata mtoto garini?

Usiku mmoja wa zamu yangu, mwaka 2022, tuliletewa majeruhi wa ajali ya gari dogo. Baba alikuwa amefunga mkanda, akatoka na michubuko. Mama alikuwa amevunjika mkono. Mtoto aliyekuwa amepakatwa hakufika akiwa hai. Mama yule alirudia neno moja usiku kucha: "Nilimshika. Nilimshika." Nami najua kwamba alisema kweli, alimshika kwa nguvu zake zote. Lakini gari likisimama ghafla katika mwendo, mwili wa mtoto huendelea kwenda mbele kwa nguvu ambayo hakuna mikono ya mama iwezayo kuizuia. Hilo nilifundishwa chuoni, nikalijibu katika mtihani, kisha kila Desemba nikampakata wangu kutoka Kibaha mpaka Tukuyu.

Asubuhi nilipofika nyumbani nilisimama nje nikalitazama gari letu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mimi sikuhitaji kusubiri taarifa hiyo. Nilimwambia mume wangu kwamba sitampakata mtoto tena, na kama watu saba hawapati mikanda saba, basi wengine tutapanda basi. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi tutafute gari kubwa."

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, maana kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno "kubwa".

Yeye alimaanisha Prado. Mtu wa ofisini kwake alikuwa anauza yake, ya petroli, injini ya lita 2.7, na bei ilikuwa ndani ya mkopo wetu wa SACCOS. Sitaki kumsema vibaya mume wangu. Gari lile lina viti vya kutosha, liko juu, halijali matope. Tena ni gari la heshima, na mwanamume aliyefanya kazi miaka 20 hakosi haki ya kutaka heshima kidogo. Lakini mimi ndiye ninayeshika daftari la matumizi ya nyumba, nikaomba siku chache za kuhesabu.

Nilianza na kilomita. Kilomita 80 kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi, ni kilomita 1,760. Kisha nikapiga hesabu ya safari ya Tukuyu, kwenda na kurudi, nikapata kilomita 1,700 na ushee. Nilirudia hesabu ile mara mbili kwa sababu sikuamini. Kumbe kila mwezi tulikuwa tunakwenda Tukuyu na kurudi, bila kutoka kati ya Kibaha na mjini! Sisi tulikuwa tunafikiria gari la Desemba, huku miezi mingine kumi na mmoja ikisubiri kulipiwa.

Baada ya hapo nilitafuta ulaji wa mafuta. Usiamini maneno ya wauzaji, wala takwimu za kwenye matangazo ya magari ya Japani, maana hupimwa kwenye mashine, gari halina mizigo wala foleni ya Kimara. Usiamini hata maneno ya mwenye gari, kwa kuwa kila mtu husifia lake kama asifiavyo mtoto wake. Niliwaomba watu watatu wa kanisani kwetu wanisaidie kupima. Unajaza tangi mpaka juu, unaandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, unatembea wiki nzima kama kawaida, kisha unajaza tena pampu ileile. Kilomita ulizotembea unazigawanya kwa lita zilizoingia. Mzee mmoja wa kanisa mwenye Noah alikuwa ameniapia kwamba lake linakwenda kilomita 14 kwa lita. Tulipopima, lilikwenda 9. Alisema pampu ile inaiba.

Prado ya petroli tuliyoipima ilikwenda kilomita 7 kwa lita kwenye foleni. Toyota Wish yenye injini ya cc 1,800 ilikwenda 11. Tukaweka lita kuwa shilingi 3,000, maana bei za EWURA hubadilika kila mwezi na mwaka ule wa 2023 zilikuwa zinazunguka hapo. Kwa mwezi, Prado ingetumia shilingi 754,000, Noah 587,000, Wish 480,000. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya 274,000 kila mwezi, zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Na kumbukeni kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo anayechoma lita nyingi ndiye anayeilipa zaidi.

Niliweka daftari mezani bila kusema neno. Baba Watoto alilisoma, akalifunga, akatoka kwenda kuangalia kuku. Siku tatu hatukuzungumza juu ya gari. Siku ya nne alisema, "Hiyo milioni tatu ni ada ya nani?" Nikajua tumeanza kuelewana.

Lakini mafuta si yote, na mimi nilitaka kuangalia mambo ambayo daftari halisemi. Tulipokwenda kuona magari, nilisisitiza twende wote saba. Wauzaji walitushangaa. Tukaanza na Prado, maana niliahidi kuwa mwadilifu. Mama mkwe alishika mlango, akainua mguu, akaushusha. Akauinua tena. Akanigeukia, "Mwanangu, hili ni gari au ni dari?" Hakuna aliyeongeza neno. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa viungo, kiti kizuri ni kile kilicho usawa wa nyonga zake, akigeuka tu anakaa, hapandi wala hachuchumai. Noah ina milango ya kusukuma iliyo mipana, na ndani mtu anapata nafasi ya kupita, jambo lililonivutia sana. Hata hivyo ina kidaraja cha kupandia, na fundi wetu alituonya juu ya injini ya D-4 iliyokuwa kwenye ile tuliyoonyeshwa. Injini hizo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na hazivumilii mafuta machafu. Wish iko chini, ila Bibi aliingia na kutoka mara mbili bila kushikwa mkono.

Kiti cha mwisho nyuma kina siri yake. Muuzaji atakwambia ni viti saba, nawe ukihesabu utaviona saba kweli. Mkalishe pale yule atakayekaa pale, funga mlango wa nyuma, na mwache robo saa. Kijana wetu wa kwanza magoti yalimfika kidevuni. Kwa hiyo safu ile ikawa ya wadogo wawili, nami nikahakikisha vile viegemeo vya kichwa vinainuka na mikanda inavutika na kujifunga. Kagueni pia mkanda wa kiti cha kati, maana katika baadhi ya magari ya zamani hufunga kiuno tu, haupiti begani. Na matairi yasomeni. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka yalipotengenezwa. Gari moja lililong'aa kama sahani lilikuwa na matairi ya 2012.

Kuagiza Japani tulishindwa. Gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na yale ya karibuni bei yake ilitupita. Tulinunua Wish ya mwaka 2010 iliyokwisha kutumika hapa nchini, ya mama mmoja mwalimu aliyekuwa ameweka risiti zote za gereji kwenye bahasha. Kuna waliotushauri tuifunge mtungi wa gesi asilia ili tuokoe zaidi. Ushauri si mbaya kwa mtu wa mjini, lakini mtungi hukaa kwenye buti, na buti ndilo lililokuwa tatizo letu jipya.

Maana viti saba vikikaliwa, Wish haina buti. Panaingia begi moja la shule na mfuko wa maandazi, basi. Desemba ya kwanza tulifunga keria juu, tukapakia mpaka godoro. Kufika Kitonga nilihisi gari linayumba katika kona, na mafuta tuliyokuwa tumeokoa yote yaliliwa na upepo. Tangu hapo mizigo huenda siku moja kabla kwa basi, shemeji huipokea kituoni. Nauli ya mizigo ni ndogo kuliko hofu.

Safari yenyewe sasa tunaigawa. Tunalala Iringa. Kila baada ya saa mbili tunasimama na kila mtu anatembea, hasa Bibi, kwa kuwa kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huvimbisha nyayo na huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Maji tunakunywa, hata kama maana yake ni kusimama tena. Binti yetu wa tatu hutapika akikaa nyuma kabisa, kwa hiyo kuanzia Ruaha Mbuyuni hubadilishana na dada yake kabla ya zile kona.

Jambo lililonipa taabu kuliko yote ni lifti. Mimi ni mtumishi wa kujitolea katika kamati ya kutembelea wagonjwa, na kwa miaka mingi akina mama wa kanisani walijua gari letu halijai. Tulipopata gari la viti saba walifurahi kwamba sasa tutaingia kumi. Jumapili moja ilinibidi nimwambie mama mmoja wa kwaya, mtu niliyezaa naye wodi moja, kwamba mikanda imekwisha. Alidhani nimepandwa na kiburi cha gari. Hakunisalimia miezi miwili. Nilikwenda kwake nikamweleza juu ya ule usiku wa zamu, na mpaka leo sina hakika kama alinielewa. Tunasalimiana, lakini lifti haombi tena.

Wala sitawaficha kwamba gari lenyewe lina upungufu. Barabara ya mtaani kwetu wakati wa masika ni mashimo matupu, nalo liko chini. Tumebadilisha shokapu za mbele mara mbili. Kila likikwaruza, mume wangu hunitazama kwa pembe ya jicho na kuitaja Prado, nami humjibu kwa kutaja milioni tatu.

Kijana wetu wa kwanza sasa anasoma Iringa. Januari 2025, tukiwa tunarudi kutoka Tukuyu, tulimshusha chuoni kwake. Alituaga haraka haraka kama vijana walivyo, asionekane na wenzake. Tulipotaka kuondoka Bibi alisema tusubiri. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kiti kitupu. Alimwagiza mjukuu akilaze, na zile ndizi alizokuwa amezibana miguuni pake tangu asubuhi, akikataa katakata zipande basi na mizigo mingine, zikawekwa pale. Baba Watoto alipita nyuma, akauvuta mkanda wa kijana wetu, akazifunga.