Mwongo Aitwe Mwongo

Mwezi uliopita mjukuu wangu alimkemea mwenzake aliyemfanyia hila katika mchezo wa karata, akamwambia kwa Kinyarwanda: "Uri umuswahili!" yaani, "Wewe ni Mswahili!" Wote wawili wamezaliwa Nyamirambo, hapa Kigali. Nilipomuuliza umuswahili ni nani, akanijibu bila kusita: mtu mjanja, mwongo, asiyeaminika. Hakujua kwamba anaitukana nyumba ya Waswahili alimolelewa.

Usemi huo nimeusikia tangu utotoni. Mtu akipunjwa sokoni, aliyempunja huitwa umuswahili, hata awe Mkatoliki aliyeshuka jana kutoka Byumba, kaskazini. Ahadi isipotimizwa, huo ni ubuswahili. Ukilalamika, unaambiwa ni mazoea tu. Hayo mazoea ndiyo yanayonichoma, maana mwenye chuki utajibizana naye, lakini mwenye mazoea hakusikii.

Chanzo chake tulisimuliwa na wazee. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, walikuja askari, makarani na wachuuzi waliozungumza Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah unahesabiwa kuwa ni wa mwaka 1913. Wabelgiji waliingia 1916, na katika utawala wao Waislamu wakakusanywa Biryogo, mtaa ulioitwa Camp Swahili. Wazee wetu hawakuwa na shamba wala ng'ombe. Waliishi kwa cherehani, usukani na mizani. Katika nchi ya wakulima na wafugaji, mtu wa namna hiyo alitiliwa shaka, na wamisionari nao waliiona lugha yake kuwa lugha ya Uislamu. Jina la watu likageuzwa jina la tabia.  Sasa historia hiyo tuiache, kwani aliyenionyesha uzito wa usemi huu ni muuza duka mmoja wa Biryogo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao. Kabla hujaingia ulipokewa na harufu ya karafuu na iliki, mafuta ya taa, sabuni ya mche, na dagaa wakavu waliotoka Ziwa Tanganyika. Tukitumwa chumvi, tulichelewa makusudi ili tuivute harufu ile. Mzee alikaa nyuma ya mizani, kofia kichwani. Alipima sukari polepole, na pande mbili zikishalingana aliongeza kijiko kimoja, sahani ya mteja ilale chini. Kibaba cha mchele alikijaza mpaka kimwagike. Deni aliliandika mbele ya macho yako, akakusomea, kisha akakuuliza, "Ni sawa, mwanangu?"

Wanawake walipanda kutoka Gikondo na Kimisagara, wakaacha maduka ya jirani zao, kwa sababu kwake hawakupunjwa. Siku moja mmoja wao akamsifu: "Kwako nanunua kwa amani, mzee. Huko kwingine ni ubuswahili mtupu." Mzee akamaliza kufunga sukari yake katika gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Mama, Mswahili ni mimi." Yule mama akaomba radhi. Wiki iliyofuata nilimsikia barabarani akilitumia neno lilelile.

Ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 msomaji anayajua, na anajua ni nyumba ngapi za Waislamu zilizoficha watu. Nilidhani usemi ule ungezikwa hapo. Kisha walirudi ndugu zetu kutoka Tanzania, Kongo na Uganda, Kiswahili kikajaa katika kambi za jeshi na madukani. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda likakipitisha kiwe lugha rasmi. Duka la mzee limebomolewa, mwenyewe alishatangulia. Siku hizi barabara ya Biryogo imefungiwa magari na kupakwa rangi, na vijana wa Kigali nzima huja kunywa chai ya mukaru na kula chapati. Wanapiga picha, wanafurahi. Kisha mhudumu akichelewesha chenji, wanamwita umuswahili, hapo hapo walipokaa wazee wetu.

Lugha imepewa heshima ya sheria, wenyewe tumeachiwa tusi. Walimu na wazazi, msilipite neno hili kama mzaha wa watoto. Kinyarwanda si lugha maskini: mwongo ni umubeshyi, tapeli ni umutekamutwe, mwizi ni umujura. Kila mkosaji na aitwe kwa kosa lake. Waswahili ni watu, na wengi wao ni Wanyarwanda kama ninyi.